Jembe la Mwalimu Apolo

Masomo: Matendo ya Mitume 13:1-4, 2 Timotheo 2:1-2



Barua nyingi zinazofika hapa redioni zinauliza jambo moja. Nyingine zimeandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule, nyingine zimetumwa kwa simu, lakini mwisho wake ni ule ule: lini tutaletewa mchungaji? Watu kumi na watano wamekimbia vita, wamekaa pamoja mahali pageni, wameimba, wameomba, na sasa wanangoja. Tunawaelewa. Wengine kati yetu tumengoja hivyo hivyo.

Lakini tulipokaa kutayarisha karatasi hii tuliona kwamba swali hilo lingewashangaza wazee waliopokea Injili kwanza huku kwetu Ituri. Wao hawakuletewa mchungaji. Mtu aliyewafikia alikuwa mwalimu tu, aliyekuwa hajamaliza hata miaka miwili tangu abatizwe. Masimulizi ya wazee yanasema alikuja na jembe. Jina lake Apolo Kivebulaya, na mahali alipofika ni Mboga, ambako leo tunaandika Boga, upande wetu wa mto Semliki.

Wengi wanajua habari zake kidogo. Watoto wa Sunday school huimba juu yake. Ila sisi tunataka kuuliza swali ambalo haliulizwi sana: nani alimfanya Apolo kuwa mtu wa kwenda? Maana hakujituma mwenyewe. Na tunataka kuuliza la pili, ambalo ni gumu zaidi: kwa nini baada yake kanisa lilikaa mahali pamoja miaka mingi?

Tuanzie Buganda. Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walifika huko mwaka 1877. Miaka kumi na moja baadaye, katika vita vya dini vya mwaka 1888, walifukuzwa wote. Tayari mashahidi walikuwa wameuawa, wengi wao vijana wa nyumba ya mfalme, na sasa hakuna mzungu aliyebaki wa kuliongoza kundi. Kanisa halikufa. Lilishikwa na wasomaji. Ndivyo walivyoitwa: katika Kiganda cha siku zile kuwa Mkristo na kusoma vilikuwa kitu kimoja. Aliyejua kurasa kumi za Injili alimfundisha mwenzake kurasa hizo kumi, na mwenzake huyo alipozijua hakukaa nazo.

Amani iliporudi, desturi hiyo haikuachwa. Mwishoni mwa mwaka 1893 mmisionari mmoja kutoka Ireland, George Pilkington, alikwenda peke yake kisiwa cha Kome katika Ziwa Victoria, akiwa amechoka na kuvunjika moyo kwa kazi yake. Alirudi amebadilika, na uamsho mkubwa ukaanza Mengo. Habari za uamsho huo zimeandikwa mara nyingi, na watu hupenda kusimulia machozi na maungamo. Sisi tunaona jambo lililofuata ndilo lenye maana zaidi. Vijumba vya matete na majani, walivyoviita masinagogi, vilijengwa vijijini, na kila kijumba kikapewa mwalimu. Walimu hao hawakulipwa kwa feza ya Ulaya. Kanisa la Waganda lenyewe liliwachagua, likawaombea, likawatuma, na watu wa kijiji wakawalisha. Pilkington na Henry Wright Duta, Mganda aliyefanya kazi naye bega kwa bega, walikuwa wakitafsiri Biblia kwa Kiganda wakati huo huo, na vitabu vilipokwisha kupigwa chapa vilikuwa na watu tayari wa kuvibeba.

Tazameni pia utaratibu wa askofu wao, Alfred Tucker. Aliwawekea mikono mashemasi wa kwanza wa Kiganda mwaka 1893, na makasisi wa kwanza mwaka 1896. Watu hao hawakuitwa kutoka darasani. Walikuwa wamekwisha kubeba kanisa mabegani mwao wakati wa mateso. Kazi ilitangulia, cheo kikafuata. Mwaka 1897 Tucker alipendekeza jambo zaidi, kwamba wamisionari wenyewe wawe ndani ya kanisa la wenyeji, chini ya sheria zile zile. Wenzake wazungu walikataa, na mashauri yakachukua miaka kumi na miwili. Katiba ilipopita mwaka 1909 ilikuwa imepunguzwa. Basi hata katika siku hizo njema hofu ilikuwepo ya kuwaachia watu kazi.

Apolo alitoka katika kanisa la namna hiyo. Alizaliwa karibu na mwaka 1864, pacha, akaitwa Waswa. Ujana wake haukuwa wa sifa. Alikaa kwa mganga kujifunza kazi yake, akachukizwa alipoona udanganyifu. Aliwahi kufuata jeshi la upande wa Waislamu. Alimsikia Alexander Mackay akihubiri, lakini ilipita miaka kabla neno hilo halijamkamata. Alibatizwa Januari 1895. Mwaka huo huo akatumwa Toro kuwa mwalimu, na Desemba 1896 akavuka kuja Mboga.

Hebu tusimame hapa kidogo. Leo, mtu aliyebatizwa Januari mwaka jana tungempa kazi gani katika parokia zetu? Labda kupanga viti. Tungesema, ngoja kwanza akomae. Na tungekuwa na sababu, maana mtume Paulo mwenyewe anamwonya Timotheo juu ya kuwapa uangalizi watu waliookoka juzi. Lakini kanisa la Mengo halikumpa Apolo uangalizi. Lilimpa njia ya kwenda, kitabu cha kusoma na watu, na wakubwa waliokuwa Toro wa kumwuliza habari. Cheo kilikuja polepole: shemasi mwaka 1900, kasisi mwaka 1903. Miaka mitano mizima alikuwa mwalimu tu, na ndiyo miaka aliyopigwa.

Habari za jembe ni hizi. Walimu wawili walikuwa wamemtangulia Mboga. Sultani Tabaro aliwachukia kwa mafundisho yao, akakataza watu wasiwape chakula, na njaa ikawarudisha Toro. Apolo alijua hayo kabla hajaondoka. Kwa hiyo alikuja na jembe ili alime mwenyewe, asimtegemee Tabaro kwa chakula. Tunalipenda jembe hili kuliko habari nyingine zote zake. Linaonyesha mtu aliyesikiliza kwa nini wenzake walishindwa, asiwacheke, akajitayarisha kwa jambo lile lile. Katika shule zetu za Biblia tunafundisha jinsi ya kutoa hotuba yenye sehemu tatu. Ni wangapi tunaowafundisha kuuliza: yule aliyekwenda kabla yangu alirudishwa na nini?

Hata hivyo jembe halikumwepusha na taabu. Alipigwa kwa amri ya Tabaro. Nyumba ya kusalia ilichomwa moto. Kisha likatokea jambo baya zaidi: wakati wa kazi ya ujenzi, dada ya sultani alianguka juu ya mkuki uliokuwa umefichwa na majani, akafa. Apolo akashtakiwa kuwa ameua. Alipelekwa amefungwa mpaka Toro, kwa mabwana Waingereza, akakaa gerezani mpaka ilipoonekana kwamba hana hatia. Alirudi Mboga kwa watu wale wale. Baadaye Tabaro mwenyewe alibatizwa, akaitwa Paulo.

Jina Kivebulaya lina maana ya kitu kilichotoka Ulaya. Alilipata kwa sababu ya koti jekundu la kizungu alilopenda kulivaa juu ya kanzu. Mungu ana mzaha wake. Mtu aliyeitwa kitu cha Ulaya hakutoka Ulaya hata kidogo, na kazi aliyoifanya kwetu haikuwa na mzungu ndani yake kwa muda mrefu.

Alipofanya watu wengine, Apolo alifuata njia aliyofanywa yeye. Hakuoa. Nyumba yake ilikaa vijana, waliolima naye, waliojenga naye, waliosoma naye asubuhi na jioni, na wakati wa safari walitembea naye. Kijana aliyekuwa amejua kusoma alipewa kijiji. Hakuacha kuwa mwanafunzi kwa sababu amepewa kijiji. Alirudi, akaulizwa habari, akafundishwa tena, akaenda. Mpaka leo katika kanisa la Kianglikana la Kongo mtu anayelea kundi dogo mbali na kasisi anaitwa mwalimu, na neno hilo limetoka katika siku hizo.

Mwaka 1910 mipaka ilipangwa na wakubwa wa Ulaya, na Mboga ikawa ya Wabeleji. Apolo alikuwa amewekwa Toro kwa miaka mingi wakati huo, na kanisa la Mboga lilishikwa na walimu. Alirudi kukaa kabisa karibu na mwaka 1915. Alikuwa mzee kwa hesabu ya siku zile, na angeweza kupumzika kwa heshima. Lakini kuanzia mwaka 1921 aliingia msituni kwa Wambuti, watu ambao majirani zao waliwadharau na kuwaona kama si watu kamili. Alijifunza lugha, akajitahidi kuiweka Injili ya Marko ndani yake, na akawapeleka walimu wake msituni nao wajifunze kuishi huko. Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa Namirembe, cheo kikubwa, na cheo hicho hakikumtoa porini.

Tusije tukafikiri kwamba haraka ndiyo njia pekee ya Mungu. Katika Kongo hii hii, upande wa Ziwa Tanganyika, ndugu zetu Wakatoliki walishika njia nyingine. Stefano Kaoze alianza masomo akiwa kijana kule Mpala, na alipopewa upadri tarehe 21 Julai 1917 pale Baudouinville, ambayo leo ni Moba, alikuwa amesoma zaidi ya miaka kumi na mitano. Ndiye padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi. Askofu Roelens hakutaka kumpunguzia hata somo moja la Kilatini, kwa sababu alijua macho ya wazungu yanangoja kumwona mweusi akishindwa. Hilo lilikuwa na faida yake: Kaoze aliweza kusimama mbele ya mtu yeyote. Lakini hata Wakatoliki hawakuingia vijijini kwa mikono ya mapadri. Waliingia kwa mikono ya makatekista, watu wa mafundisho mafupi, walioishi na wake zao na mashamba yao kati ya majirani. Padri mmoja wa masomo marefu alisimama juu ya mabega ya makatekista wengi wa masomo mafupi. Anayetaka kumwiga Kaoze bila makatekista atajenga paa bila ukuta.

Sasa tufike kwenye swali la pili, lile gumu.

Apolo alikufa Boga tarehe 30 Mei 1933. Baada yake kanisa lake halikufa, lakini halikuenda mbali. Miaka ishirini na saba, mpaka uhuru wa mwaka 1960, Waanglikana wa Kongo walibaki karibu wote pale pale Boga na kandokando yake. Jambo hili linatuuma kulisema, kwa kuwa tunampenda mzee huyu, lakini ni kweli.

Sababu moja haikutoka kwao. Misioni za Kiprotestanti zilikuwa zimegawana nchi ili zisigombane, na sehemu kubwa ya Ituri ilikuwa mikononi mwa misioni nyingine. Mwalimu wa Boga aliyetaka kupanda kilima fulani aliambiwa kilima hicho kina wenyewe. Makubaliano hayo yaliepusha ugomvi mwingi. Yaliwafundisha watu pia kwamba kanisa lina uzio.

Sababu ya pili ilitoka ndani. Ibada na vitabu vya Boga vilikuwa katika Kinyoro. Kwa Wahema wa Boga lugha hiyo ilikuwa ya nyumbani. Kwa Mlendu, kwa Mngiti, kwa Mbira, ilikuwa lugha ya kanisa la watu wengine. Apolo alijifunza lugha ya Wambuti akiwa mzee. Waliobaki walitunza Kinyoro kama urithi wake, na hawakuona kwamba urithi wenyewe ulikuwa kule kujifunza.

Na ya tatu ni mshahara na shule. Hii ilitokea mahali pengi, Uganda na Kongo pia. Mwanzo mwalimu alikuwa mmoja: asubuhi alifundisha watoto kusoma, jioni aliwaongoza wazazi katika sala. Serikali zilipoanza kutoa msaada wa feza kwa shule, kwa Waprotestanti wa Kongo ilikuwa baada ya Vita ya Pili ya Dunia, mwalimu wa shule akawa na cheti na mshahara, na mwalimu wa kanisa akabaki na Biblia yake na shamba lake. Vijana wenye akili waliona tofauti hiyo mara moja, nani atawalaumu? Waliobaki katika kazi ya kanisa mara nyingi walikuwa wale ambao shule haikuwachukua. Kisha sisi tukaanza kusema kwamba walimu wa kanisa hawana masomo. Ni sisi tuliowaacha.

Kilicholitoa kanisa Boga hakikuwa mpango wa askofu wala kampeni. Ni watu waliohama. Baada ya uhuru, barabara zilipofunguka kwa kila mtu, watu wa Boga walitoka kutafuta kazi, kuuza, kusoma, kuolewa. Walifika Bunia na mbele mpaka Kisangani. Huko hawakukuta ibada waliyoizoea, wakaanza kuomba nyumbani. Wamama walifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, hasa wale wa Umoja wa Wamama, maana wao ndio waliojua nani amezaa, nani amefiwa, nani amefika juzi na hana sufuria. Kikundi kilipokua kiliimba kwa Kiswahili, kwa sababu jirani aliyeingia hakujua Kinyoro. Ndipo wakaandika barua ya kuomba mtumishi. Mwaka 1972 dayosisi ya Boga iliundwa, na mwaka 1992 Waanglikana wa nchi yetu wakawa jimbo lao wenyewe, na askofu mkuu wao wa kwanza, Byankya Njojo. Tunaona basi kwamba vikundi vilitangulia na maaskofu wakafuata. Ni mwendo ule ule wa Buganda ya mwaka 1888, ingawa hakuna aliyekaa akaupanga.

Makundi yalizidi makasisi, na kumtoa mtu kijijini miaka minne kumpeleka chuoni kulikuwa na hatari yake: wengi wao hawakutaka kurudi. Kanisa la Kipresbiteri la Guatemala lilikuwa na shida hiyo hiyo. Kuanzia mwaka 1963 walimu wa chuo chao walianza kuwafuata wanafunzi, kila juma mahali fulani, na mwanafunzi alibaki na shamba lake na kundi lake. Njia hiyo imefika katika makanisa mengi ya Afrika. Ina udhaifu wake. Anayesoma usiku kwa taa baada ya kulima hasomi kama aliye chuoni. Lakini Jumapili inayofuata ana watu wa kuwaambia alichosoma.

Kabla ya kufa Apolo alitoa agizo juu ya kaburi lake. Desturi ilikuwa kulaza maiti kichwa kikielekea mashariki. Yeye alitaka kichwa chake kielekee magharibi, upande wa msitu, ambako Injili ilikuwa haijafika. Wakamzika hivyo.

Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Mei 2021, siku ile ile ya ukumbusho wake, watu wenye silaha waliingia Boga na Tchabi, wakaua watu zaidi ya hamsini. Waliosalia wengi walikimbia. Baadhi ya barua tulizozitaja mwanzo zinatoka kwa watu waliokimbia namna hiyo, na hatutaki kuwaandikia maneno mepesi. Mchungaji mnayemwomba, mnastahili kumpata, na wenye madaraka wasichoke kukumbushwa.

Ila tuna ombi kwenu wakati mnangoja. Siku ambayo hakuna mtumishi, yuko mtu anayefungua kitabu na kusoma kwa sauti ili wengine wasikie. Yuko anayekwenda kumwona mgonjwa bila kutumwa. Pengine ni mama, pengine ni kijana ambaye ubatizo wake haujafika miaka miwili. Mtuandikie jina lake, mahali alipo, lugha anazozijua, na kitu anachokosa, iwe Biblia, iwe miwani, iwe jembe. Tuleteeni karatasi hizo kabla ya mwisho wa mwezi. Tutazipeleka kwa wakubwa wa makanisa yenu, na yule atakayekubali kwenda kukaa naye juma moja, kumfundisha na kumsikiliza, tutawatangazia siku atakayofika.